Kilio Kwenye Gramafoni ya Jailos

Ilomba, Mbeya
12 Mei 1958

Mama Halfani,

Salamu nitakupa mwisho, kama zitabaki.

Naandika kwa mkono wangu. Darasa langu lilikuwa la ubatizo tu, lakini herufi zote ninazo, na za kukugombeza zinatosha. Wewe unazo zile za Kiarabu ambazo mimi naziona nyayo za kuku, kwa hiyo najua atakayekusomea ni Lusia, maana nilikukabidhi alale kwako huku anafundisha kushona. Lusia, msomee bibi yako huyo yote. Usiruke.

Santuri zimefika. Jailos fundi cherehani amezileta zote mbili, ya mjukuu wangu na ya mjukuu wako, na anazipiga kibarazani kwake kutwa nzima ili watu wasimame wapime suruali. Nilikwenda nikakaa kwenye benchi, nikamwambia piga hii, sasa piga ile, sasa rudia. Aliponiambia sindano itaisha nikamwambia na mimi nitaisha, piga.

Naanza na ya Lusia. Wimbo ni wa viatu vya kisigino, msichana amevinunua na sasa hawezi kuvuka mfereji. Upuuzi mtupu, lakini upuuzi safi. Sauti imenyooka, neno linasikika, na pale katikati anacheka kile kicheko chake cha redioni, cha wakati ule yeye na Zubery walipokuwa Watoto wa Mbeya na nchi nzima inangoja jioni wawasikie wakiimba kuku wa bibi. Watu wa Ilomba wakisikia kicheko hicho wanasema huyu hajakua. Mimi nimefurahi.

Sasa ya Zubery. Gitaa analijua, sikatai, maana aliyemfundisha ni mwanangu Asukile, kwenye ukuta wa nyumba yangu, enzi mkikaa hapa Ilomba, wewe unakwenda sokoni na vitambaa vyako. Lakini anachoimba ni nini? Anaimba, "Umeacha mlango wazi, mpenzi, baridi inaingia." Halafu kuna mwanamke sijui wamemwokota wapi huko Nairobi, anamjibu kwa nyuma, "Niko njiani, usifunge, niko njiani." Na watu wanacheza. Wanashikana viuno kabisa.

Mama Halfani, hicho si wimbo. Hicho ni kilio changu. Hayo maneno ya mlango na baridi niliyatoa kwa Kinyakyusa siku mwanangu alipoletwa kutoka kwenye shimo la dhahabu kule Lupa, na ulikuwepo, ulinishika kiuno. Kwetu kila mama ana kilio chake. Kinatolewa mkekani, mkeka ukikunjwa nacho kinakunjwa, hakitoki tena. Mjukuu wako amekikunjua, amekitia "mpenzi" ndani, na anakiuza.

Sikiliza kilichotokea Jumatano. Akina mama wa kutoka Rungwe walikuwa wanapita na ndizi zao kwenda mjini. Wakasikia kilio kinatoka kwa Jailos. Wakatua mizigo, wakafunga vitenge viunoni, wakaingia wanalia. Jailos alikuwa ndani anapiga pasi, akatoka mbio kuuliza amekufa nani, nao wakamuuliza yeye amekufa nani. Walipoelezwa kwamba ni santuri, yule mkubwa wao akasema santuri au si santuri, kilio kimetoka nyumba hii, na anayetoa kilio ndiye mwenye msiba, na mwenye msiba huwalisha waombolezaji. Hawakuondoka mpaka mke wa Jailos alipopika maharage. Ilomba wote wanacheka. Wanacheka msiba wa mwanangu.

Nataka Zubery aache kuimba kitu hicho. Nasikia atakuja Mbeya kuimba kwenye dansi. Asikiimbe Mbeya.

Salamu hazikubaki.

Damari, mama yake Asukile


Iringa
24 Mei 1958

Kwako Mama Asukile, mwenzangu,

Naanza kwa kukujulia hali, ingawa wewe siku hizi hali za wenzio huzijulii. Sisi hatujambo, baridi tu. Mwandishi wangu ni Lusia kama kawaida, mimi nasema naye anaandika, na hapa amenuna kwa sababu nitasema habari za santuri yake.

Nimefurahi umezisikia zote mbili. Lusia amenisomea kwamba umeisifu yake na kwamba umesema Zubery analijua gitaa. Nilimwambia arudie hapo, nikataka kuhakikisha ni wewe. Basi na mimi nitoe yangu. Hiyo ya viatu, mwenzangu, ni nzuri kwa watoto. Kicheko kimoja kinatosha, yeye kacheka mara ngapi? Binti mzima wa kuolewa anacheka kama anatekenywa. Sauti anayo, hakuna anayebisha, lakini ameifungia kabatini. Ya Zubery wangu mtu akiisikia anasimama. Mwanangu Halfani, mjomba wake, anaipiga dukani, na Wahindi wa jirani wanakuja kuuliza. Juzi bwana mmoja wa Tosamaganga, mtu wa misheni mwenye miwani, alivua kofia yote alipoisikia. Sikumwelewa, lakini alivua.

Habari njema ni kwamba dansi ni Jumamosi tarehe 5 Julai, ukumbi wa pale Mbeya mjini. Nitakuja naye. Tutafikia kwako kama zamani, usihangaike na kitanda, mimi hulala popote. Nitaleta tende na ule mchele unaoupenda halafu unasema huupendi.

Umeandika karatasi tatu na nimesomewa moja na nusu, nadhani mwandiko wako ulimshinda mtoto. Andika kwa herufi kubwa.

Wako,
Mwanakhamisi


Ilomba
2 Juni 1958

Mwanakhamisi,

Leo sikuiti mama wa mtu.

Nimekuandikia kwamba mwanangu anachezewa dansi, wewe unanijibu tende. Mwandiko wangu hauna kosa lolote. Mchungaji aliuning'iniza ukutani darasa zima liuone. Kama hutaki kunijibu, sema hutaki, usijifiche nyuma ya macho ya mtoto.

Miaka yote nimekuheshimu. Uliponiletea maziwa wakati wa njaa niliyanywa bila kuuliza bakuli limetoka nyumba ya dini gani. Nilipofiwa ulikaa mkekani kwangu mpaka miguu ikakufa ganzi. Leo mjukuu wako ameingia nyumbani mwangu akatoka na kitu pekee nilichobaki nacho cha Asukile, na wewe unanihesabia vicheko vya Lusia.

Basi sikia nilichofanya na nitakachofanya. Nilichofanya, nilimwendea Jailos nikaiomba ile santuri kwa adabu, akanipa, nikaipiga kwenye jiwe la kunolea. Imekatika kama kigae. Jailos alisema mama, hiyo ni mali. Nikamwambia na mimi nilizaa mali.

Nitakachofanya, siku ya dansi nakuja ukumbini. Sitakuja peke yangu. Akina mama wa Ilomba wote wenye vitenge wanakuja, na wale wa Rungwe nimewapelekea habari. Akifungua mdomo kusema mlango uko wazi, tunaingia, tunakaa chini katikati ya sakafu, tunalia. Si anapiga mbiu ya msiba? Tutaitikia. Na hatutaondoka mpaka mwenye msiba achinje ng'ombe. Aiuze suruali yake ile ya kubana, aliuze gitaa, sijui, atajua mwenyewe. Mbeya nzima itaona.

Na huyo mwanamke wa Nairobi anayemjibu, mwambie Zubery amlete pia. Nimwangalie usoni mtu anayejibu kwa niaba ya maiti asiyemjua. Lusia wangu asingefanya hivyo. Kama ingekuwa Lusia amekaribia hata mlango wa chumba walichoimbia, ningejua. Sauti ya mjukuu wangu naijua hata akiwa katikati ya soko siku ya mnada.

Lusia, kama unasoma hapa na kumeza maneno, nitakuja Iringa nikutapishe.

Damari


Iringa
13 Juni 1958

Bi Damari,

Barua hii haijaandikwa na Lusia. Anaandika mwanangu Halfani, na ndiye aliyenisomea ile yako, kwa sababu Lusia alipoifungua nilimwona anasoma kwa midomo iliyofungwa, kisha akaniambia kwamba unasalimu. Nimemjua mtoto huyo tangu ananyonya. Nikamnyang'anya, nikampa Halfani. Na ya kwanza pia nimeitafuta, nimeikuta chini ya mto wake, nimesomewa yote.

Sasa nimesikia. Nimelia, kisha nimekasirika, na bado nimekasirika.

Umenikosea. Hukuuliza. Mtu uliyekula naye miaka yote, unapomwona kimya, humuulizi kama amesikia, unamwita mwizi na bibi wa mwizi. Unataka kumwaibisha mtoto mbele ya Mbeya nzima, mtoto ambaye akipata homa alikuwa anataka kulala kwako wala si kwangu. Asukile wako ndiye Zubery aliyemwita baba. Wake mwenyewe hakumjua. Unasema kaingia nyumbani mwako akatoka na kitu. Aliingia kwa mlango gani kama si ule mliomfungulia ninyi wenyewe?

Nimemwita Zubery, nimemweka mbele yangu. Nikamuuliza, ni kweli hiki ni kilio? Akasema ni kweli. Ulijua? Akasema nilijua. Kwa nini? Nilimpiga kofi, Mungu anisamehe, mkubwa yule ana ndevu. Hakunyanyua hata mkono. Akasema tu, "Bibi, mwulize Lusia, mimi niliahidi."

Nimemuuliza Lusia naye. Amesema atakuandikia wewe, si kuniambia mimi. Basi mniweke pembeni wote.

Lakini dansi lipo, malipo ya kwanza wameshachukua, na mimi nakuja. Ukileta vitenge vyako na mimi nitakaa kwenye kiti karibu na mjukuu wangu, na tutaona nani atakayenipita.

Mwanakhamisi binti Saidi


Iringa
17 Juni 1958

Shikamoo Bibi,

Ni mimi Lusia. Nilimeza maneno yako kwa sababu niliogopa, na bado naogopa, lakini nimechoka.

Zubery hakuiba. Mimi ndiye niliyempa. Nilimwimbia kwenye basi tukienda Nairobi, mwanzo hadi mwisho, kwa Kinyakyusa, akawa ananiangalia tu. Nilikuwa nimekisikia kwako. Unakilia ukipalilia, Bibi, nyuma ya nyumba, ukidhani mkeka umekunjwa na hakuna mtu.

Nilikwenda kule kukiimba mimi. Nilimwambia bwana wa santuri kwamba nina wimbo wa baba. Alisikiliza mstari mmoja akanikatiza. Akasema watu hawataki hicho kwako, watu wanamtaka yule mtoto wa redioni anayecheka. Akanipa karatasi ya viatu. Akasema cheka. Nikacheka. Akasema hapana, cheka kama zamani. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, wakachagua kile cha mwisho, na hicho ndicho kilichokufurahisha. Mimi nikikisikia nataka kutapika.

Zubery akasema basi kitaingia kwangu. Mimi hawanidai kicheko, alisema. Neno "mpenzi" tulilitia ili wasikikatae. Tukaapa tusiseme.

Na huyo mwanamke wa nyuma uliyetaka umwangalie usoni, Bibi, ni mimi. Unasema ungenijua katikati ya mnada. Hukunijua. Ulisikiliza, ukasema rudia, ukasikiliza tena, hukunijua. Unamjua yule mdogo tu, kama yule bwana wa Nairobi.

Sasa nitasema na hili, unigombeze kwa yote pamoja. Baba alipokufa sisi tulikuwa Dar es Salaam kwenye nyumba ya redio. Ungeweza kupeleka simu ya maandishi posta, mlikuwa mnajua anwani, mlipeleka ya kututakia heri. Hukupeleka. Uliacha tumalize vipindi vyetu. Siku mnamzika mimi nilikuwa nimesimama kwenye sanduku ili niufikie mdomo wa mashine, naimba kuku wa bibi, nacheka. Tulipanda basi tunarudi, mimi na Zubery tunagombania nani atakaa karibu na baba wakati wa kula. Tulifika jioni. Mkeka umekunjwa. Majivu yamezolewa. Ukasema baba yenu amepumzika, kaleni. Nilitaka kulia ukaniambia kilio kimekwisha, watu wamerudi kwao, usimwamshe.

Ndiyo maana najibu niko njiani. Nilikuwa njiani, Bibi. Hakuna aliyeningoja.

Njoo ukumbini na vitenge vyako. Usimlilie Zubery. Mwenye msiba ni mimi, na ng'ombe sina.

Mjukuu wako,
Lusia Asukile


Ilomba
26 Juni 1958

Lusia,

Barua yako imefika. Nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa.

Kwanza, hakuna mtoto aliyewahi kuniandikia hivyo, na wewe hutarudia. Ukiwa na neno kama hilo unakuja unalisema mbele yangu ili nikuone na unione.

Pili, hilo la simu ya posta. Usitegemee nitapiga magoti. Wewe ulikuwa mtoto, umesimama juu ya sanduku kama unavyosema, mbele ya mashine ya watu, safari ya basi siku nzima na nusu na nani wa kukushika njiani? Niliamua. Wazee wapo ili waamue. Lakini kwa kuwa umetaka kujua kila kitu, jua na hili. Siku ile duka la jirani walikuwa na redio. Walisahau kuizima. Mchana tunamtoa mwanangu nje, ninyi mkaanza kuimba kuku wangu. Ukacheka. Watu wote wakaniangalia. Mimi nililia kwa nguvu zote ili nikufunike sauti, nisikusikie, na nikashinda, sikukusikia. Unashangaa nini basi kwamba sikukujua?

Nilikwenda tena kwa Jailos. Aliponiona akaificha ile santuri yako ya viatu nyuma ya cherehani. Nikamwambia agize ile ya Zubery nyingine. Akasema mama, utaivunja. Nikamwambia agiza. Imekuja na basi la jana. Nikamfukuza yeye na wateja wake, mmoja suruali ina pini, nikajaza ufunguo mwenyewe, nikasikiliza.

Ni wewe. Ni sauti ya baba yako, ameivaa mwanamke.

Na sasa nikuambie, unakosea. Pale kwenye baridi inaingia, ninyi mnapanda. Hapapandwi. Panashuka, panashuka tena, halafu mtu anakaa kimya kidogo kabla ya kuvuta pumzi. Ninyi mmepanda kwa sababu ya gitaa. Zubery angalau anajaribu kushuka, wewe unamvuta juu. Kwa hiyo nikipima zile santuri kwa haki, ya viatu uliimba vizuri kitu kisicho chako, na hii umeimba vibaya kilicho chako. Mimi naichukua mbaya.

Kabla haijaisha akina mama walikuwa wameshafika, na vitenge viunoni. Wale wale. Mmoja amekuja na unga wa njaa yake safari hii, anasema mke wa Jailos ni mchoyo. Wakauliza, ni santuri tena au kuna mtu? Nikawaambia kuna mtu. Nikawaambia nendeni, mrudi Alhamisi, mwenye msiba yuko njiani.

Kwa hiyo utafanya hivi. Utapanda basi la Jumatano, wewe na Zubery na huyo bibi yenu mwenye hasira. Mwambie Mama Halfani alete mchele, tende abaki nazo. Mwambie nilimwita bila jina la mwanawe na ilikuwa vibaya, na sitamwambia mwenyewe kwa hiyo mwambie wewe, na usiruke. Kiti chake akiache, atakaa mkekani, karibu yangu, palepale alipokaa.

Alhamisi tunakunjua mkeka. Kilio mtakitoa ninyi wawili, bila gitaa, bila "mpenzi". Pale mnapopanda nitawapiga kofi mpaka mshuke. Ng'ombe ni wangu, yule mwekundu, usilete maneno. Mkeka utakunjwa Ijumaa. Jumamosi Zubery ataimba chochote anachotaka mjini isipokuwa hicho, kwa sababu kitakuwa kimekwisha, safari hii kweli. Wakimuuliza mbona hakiimbi, waje kwangu niwaeleze.

Na kicheko kile usinichekee hapa. Umekua. Nimesikia.

Mlango sijaufunga na Juni hii unajua baridi ya Ilomba inavyoingia. Usinicheleweshe.

Bibi yako,
Damari